Namba Tisa Alikuwa Baba Mdogo

Katika hafla ya kuniaga, kijana mmoja wa idara ya michezo alishika kipaza sauti, akawaambia wageni waalikwa kwamba timu yetu ya mpira wa kikapu ilitolewa mapema kule Bukoba kwa sababu Katibu, yaani mimi, alichelewa kupeleka fomu. Watu wakacheka, nami nikakabidhiwa blanketi na saa ya ukutani. Fomu zilipelekwa siku nne kabla ya muda kwisha, nakala tatu, na hati ya mapokezi imo jaladani. Kwa kuwa ratiba ya hafla haikunipa nafasi ya kujibu, ninajibu hapa, kwa faida ya makarani vijana mliobaki masjala, ambao mtaisikia habari hiyo ikinenepa kila mwaka. Ni kweli timu ilitolewa kwa kosa langu. Lakini si kosa hilo. Mtu akilaumiwa, alaumiwe kwa jambo alilolitenda.

Nitaanza mwanzo, kama jalada lolote linavyoanza. Niliajiriwa katika chuo chetu cha ualimu wilayani Muleba nikiwa karani wa masjala. Vyeo vilivyofuata na mshahara wake sitavieleza. Wanaopaswa kuvijua wanavijua. Siku ya kwanza nilipokelewa na mkuu wa masjala, marehemu Ta Kajuna. "Ta", kwa msomaji asiye wa Kagera, ni neno la heshima tunalolitanguliza kwenye jina la mwanaume mtu mzima. Ta Kajuna alinituma kwa Mhasibu nikachukue jalada. Nikarudi nalo upesi, nikitarajia sifa.

"Umemsalimia?" akaniuliza.

"Nimemsalimia, Ta."

"Mke wake anaendeleaje na mguu?"

Sikujua kwamba Mhasibu alikuwa na mke, sembuse mguu.

"Basi hujamsalimia. Umepiga kelele mlangoni kwake. Rudisha jalada, uanze upya."

Nilirudisha, nikaanza upya, na ikachukua dakika arobaini. Mguu ulikuwa umeteguka shambani, wakati mama yule akipalilia kahawa. Tangu siku hiyo sikupata kunyimwa jalada na Mhasibu, na kanuni ile niliishika kwa miaka yote ya utumishi wangu: salamu isiyofika nyumbani kwa mtu haijakamilika. Mtaona ilikonifikisha.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Kulikuwa na kitoboleo cha chuma kizito kiasi cha kuzuia mlango, kamba fupi za kufungia karatasi, na mashine ya taipu iliyokuwa ikiruka herufi ya r na kupiga l mahali pake, kasoro ambayo katika mkoa wetu hakuna aliyeigundua kwa miaka sita. Kompyuta zilipokuja nilizipokea bila kinyongo. Nilichozikatalia ni kuniandikia tarehe zenyewe.

Ukatibu wa michezo nilipewa kwa sababu ya mwandiko. Mpira wa kikapu una karatasi ya matokeo yenye miraba midogo sana, na anayeijaza lazima aandike kila kikapu na kila faulo, kwa namba ya mchezaji, mchezo ukiendelea. Siku yangu ya kwanza mezani nilimwandika kijana wetu kuwa "amefunga goli kwa mkono", nikaweka alama ya kuuliza pembeni, nikiamini mwamuzi atalifuta. Baada ya hapo nilijifunza. Shauri gumu kuliko yote lilikuwa la kijana aliyeitwa Leodgar kwenye cheti cha ubatizo na Novatus kwenye cheti cha shule. Mwamuzi alimtoa nje Novatus kwa faulo tano, na Leodgar akaendelea kucheza robo nzima kwa utulivu mkubwa. Nilimwandikia mwamuzi barua ya kukiri. Hakujibu.

Nilipozoea meza, niliona dosari nyingine, nayo ilinikera zaidi. Timu mbili zilikuwa zikikutana, wachezaji wanapigana viganja kwa mstari mmoja kama watu wanaofukuza nzi, kisha wanaanza kusukumana. Nikaanzisha utaratibu nilioupa jina la Salamu Kamili. Kabla ya mchezo, kila mchezaji wetu alisimama mbele ya mwenzake wa upande wa pili anayecheza nafasi ileile. Wakaulizana jina, kijiji, wazazi, na ukoo. Kwetu Wahaya salamu ya wageni haiishi mpaka ijulikane mtu ni wa ukoo gani na mwiko wa ukoo huo ni kiumbe gani. Ukoo ukiwa mmoja, vizazi huhesabiwa, na hapo mtu huambiwa kama mwenzake ni ndugu, mtoto au mzazi. Umri hauhusiki. Utaratibu wangu ulipendwa, hasa na wazazi, na kwa misimu kadhaa haukuleta madhara yoyote, zaidi ya kuchelewesha mchezo kidogo.

Mwalimu Neema aliletwa kwetu kutoka Singida kufundisha Historia, akapewa na timu juu yake. Alikuja bila kumjua mtu hata mmoja mkoani. Aliwakuta vijana wanaodunda mpira kwa mikono miwili, akawafundisha. Nyavu za vikapu alizisuka mwenyewe kwa kamba za kufungia vitunguu. Jioni ungemkuta uwanjani na filimbi mdomoni, nao wanamzunguka wakimwita Madam, Madam, na kila mmoja ana jambo lake la kumwambia, la mpira na lisilo la mpira.

Mwaka wangu wa mwisho kazini, wiki moja kabla ya mashindano ya vyuo, Mkuu wa Chuo alimwita ofisini. Nami niliitwa kuandika kumbukumbu za kikao.

"Mwalimu Neema," alisema Mkuu, "timu hii kila mwaka inakwenda Bukoba asubuhi na kurudi jioni. Mwaka huu mkitolewa mchezo wa kwanza, nitamkabidhi Bwana Mifugo."

Bwana Mifugo alikuwa mwalimu wa Kilimo. Alikuwa na mbuzi wa chuo kumi na wawili na hakuwa ameomba nyongeza.

"Mkuu, niachie hadi hawa wahitimu," alisema Mwalimu Neema. "Nimewaanza hawajui kitu."

"Shinda mchezo mmoja tu."

Tulipotoka nje aliniambia, bila kunitazama, "Katibu, wakininyang'anya hawa watoto, mimi huku nabaki na nani?" Hilo sikuliandika katika kumbukumbu za kikao. Nalirekebisha sasa.

Tulikwenda Bukoba na basi la chuo, mikungu ya ndizi ya kutosha wiki nzima ikiwa imefungwa juu, maana safari hii tulikusudia kukaa. Tulilala katika madarasa ya shule moja huko Bilele. Asubuhi tukaenda Kashai, kwenye uwanja wa saruji ulioandaliwa na wenyeji, ambao ndio waliokuwa wapinzani wetu. Waendesha bodaboda walikuwa wamekwisha kujipanga ukingoni, wamekalia pikipiki zao, wakila karanga na kutuchambua kwa sauti.

Nilipotangaza Salamu Kamili, Mwalimu Neema alinisogelea.

"Katibu, leo tuiache. Hawa wanakwenda kupambana, si kuposa."

"Mwalimu, dakika kumi tu. Ni adabu."

Alitazama saa, akatazama mvi zangu, akarudi kwa vijana wake. Najua sasa kwamba alizihurumia mvi.

Tegemeo letu lilikuwa mchezaji wa kati, Deusdedit Mutalemwa, tuliyemwita Deusi, kijana wa Kimwani mrefu kuliko mlango wa masjala. Alilelewa na bibi yake, naye bibi alimlea vizuri mno. Deusi alikuwa mtu wa kumwambia mbuzi asante kwa kumpisha njiani. Mbele yake alisimama namba tisa wa wenyeji, Projestus, kijana mwembamba mwenye miaka kumi na tisa. Deusi alikuwa na ishirini na mbili. Nilisogea ili nisikie.

"Wa wapi?" Projestus aliuliza.

"Kimwani. Na wewe?"

"Hapahapa mjini. Ila babu alihama kutoka Kimwani."

"Kwa nani?"

Projestus akataja. Deusi akashtuka, akataja wa kwao. Wakaulizana mwiko, wakautamka kwa pamoja. Jina la ukoo nalihifadhi, kwa kuwa wahusika wapo hai na mmoja wao bado anafunga vikapu.

Hapo ndipo ningepaswa kurudi mezani kwangu. Lakini familia zote mbili nilizifahamu, na vijana walikuwa wamekwama katika hesabu. Nikaweka karatasi kwapani, nikahesabu vizazi kwa vidole, upande huu, upande ule, na jibu lilipokuja nililitamka kwa furaha ya mtu aliyepata jalada lililopotea.

"Deusi! Huyu ni mdogo wake baba yako. Ni baba yako mdogo!"

Deusi alikunja magoti yote mawili, akatoa mikono miwili. "Tata, waitu," akasema, yaani baba, kwa heshima zote.

"Hujambo, mwanangu," alijibu Projestus, akijitahidi asicheke. Waendesha bodaboda wakapiga makofi.

"Kuna nini pale?" Mwalimu Neema aliuliza.

"Wamepata undugu," nikamjibu.

"Mungu wangu," akasema.

Mchezo ulianza. Mpira wa kwanza ulimfikia Projestus karibu na kikapu chetu, na Deusi akasogea pembeni kama mtu anayefungua lango. Kikapu. Wa pili vilevile. Wa tatu Deusi alijisahau, akamgusa mkono. Mwamuzi akapiga filimbi, na badala ya kuinua mkono kukubali faulo, Deusi aliushika mkono wa Projestus kuukagua.

"Hukuumia, tata?"

"Sijaumia, mwanangu. Cheza tu."

"Mpishe mzee!" alipaza sauti mwendesha bodaboda mmoja.

"Mzee gani hana hata ndevu!" mwingine akamjibu.

"Ndevu kamwachia mwanawe!"

Mwalimu Neema aliomba muda. Nililazimika kuyasikia mazungumzo, kwa kuwa meza ilikuwa hatua tatu tu kutoka kwao.

"Deusi, mkabe yule namba tisa!"

"Madam, ni baba yangu mdogo."

"Yule? Ulimjua lini?"

"Leo."

"Nani kakwambia ni baba yako?"

Deusi ni mtoto mwenye adabu. Aligeuza macho tu kuelekea mezani, na timu nzima ikageuza pamoja naye. Mimi nilikuwa nikiandika.

Ili kumbukumbu zikae sawa, naeleza kwamba kocha alifanya kila lililowezekana. Alimtoa Deusi, akamwingiza Anatory, kijana mfupi mwenye moyo, ambaye alimkaba Projestus kwa nguvu zote na kumaliza faulo zake tano kabla ya robo ya tatu kwisha. Akamrudisha Deusi, lakini akampa mtu mwingine wa kukaba. Hapo Deusi aliamka. Asiyekuwa baba yake alipata taabu. Deusi alizuia mipira, akadaka iliyogonga ubao, akafunga, na tulipoingia robo ya mwisho tulikuwa tumewafikia. Kwa upande wa kufunga hakukuwa na tatizo lolote. Alifunga hata mbele ya Projestus, akieleza baadaye kwamba kumfungia baba kikapu si kumzuia kula, ni kumwonyesha kwamba mtoto amekua. Bibi yake, nadhani, angekubaliana naye.

Zikabaki sekunde chache, nasi tuko mbele kwa pointi moja. Niliona mkono wa Mwalimu Neema umeshika ukingo wa meza yangu, vidole vimebadilika rangi. Wenyeji wakapoteza mpira, wakaupata tena, ukarushwa juu ya vichwa vyote ukaangukia mikononi mwa Projestus, chini kabisa ya kikapu chetu. Vijana wetu wengine walikuwa mbali. Aliyebaki kati yake na kikapu ni Deusi.

"Deusi! Mikono!" Mwalimu Neema alipiga kelele.

Naye Deusi aliinua mikono. Natamka hili kwa uzito wote wa miaka yangu ya kazi: aliinua mikono yote miwili, akasimama imara, na pale juu ilipofika hakuna mpira ambao ungepita. Projestus alimtazama, akaona hakuna njia. Akasema kwa upole, na meza nzima ilisikia:

"Mwanangu, wananitazama."

Mikono ikashuka. Mpira ukaingia. Filimbi ikalia. Niliandika pointi mbili kwenye mraba wa namba tisa, mwandiko wangu ukiwa mbaya kuliko siku yoyote ya utumishi wangu, na karatasi hiyo ipo kwa anayetaka kuiona.

Tulirudi Bilele kabla ya saa sita mchana, tukiwa na ndizi za wiki nzima. Zilipikwa nyingi, wakala wote isipokuwa Deusi, aliyekuja kusimama mbele ya kocha wake.

"Madam, nisamehe."

"Mikono uliishusha kwa nini?"

"Alisema wanamtazama. Ningemwaibisha baba mbele ya watu, nyumbani ningeeleza nini?"

Mwalimu Neema alianza kucheka, akacheka mpaka akafuta machozi, kisha akaendelea kufuta machozi baada ya kicheko kwisha. Deusi akapiga magoti kumnyanyulia sahani. Mwalimu aliponigeukia mimi hakunilaumu. Aliuliza tu, "Bwana Mifugo ana filimbi yake, au nimwachie hii?"

Chuoni habari ilitangulia kufika. Siku mbili baadaye kulikuwa na maelezo matano, yote ya uongo. Walisema vijana walishiba ndizi. Walisema saruji ya Kashai ilikuwa na unyevu. Walisema kocha hajui mbinu, kwamba mtu wa Singida angejuaje kufundisha vijana wa huku, na hili lilisemwa na watu ambao hawakuwa wamewahi kuona karatasi ya matokeo. Mkuu akaniagiza niandike taarifa rasmi yenye kichwa "Sababu za Kutolewa", aione kesho yake asubuhi, ndipo afanye uamuzi.

Nilikaa masjala mchana kutwa. Rasimu ya kwanza iliandikwa kwa ufundi mkubwa. Ilitaja "mazingira ya kijamii yasiyotarajiwa" na haikumtaja mtu. Niliisoma, nikaona kwamba mtu yeyote mwenye akili angeielewa hivi: kocha hakutarajia. Mwalimu Neema alipita mlangoni akiwa na madaftari ya Historia. Hakuingia, wala hakuniomba chochote. Alinisalimia tu na kuniulizia jino lililokuwa likinisumbua. Nikaichana rasimu. Nikaandika nyingine, mistari sita, ukiwemo huu: "Katibu alishauriwa na kocha aache salamu, akakataa; kisha, pasipo kuombwa, akawahesabia wachezaji vizazi." Nikatia sahihi.

Mkuu aliisoma mara mbili huku nimesimama.

"Ulihesabu mwenyewe?"

"Ndiyo, Mkuu."

"Ukoo gani?"

Nikamtajia. Mkuu akavua miwani. Sikuwahi kujua ukoo wake. Mkuu wa chuo huwezi kumsalimia hadi ukafika huko, simu hulia kabla.

"Huyo Projestus, babu yake aliyehama Kimwani ni nani?"

Nikamtajia na huyo. Akatazama dari, vidole vikitembea juu ya meza, kimoja baada ya kingine, upande huu, upande ule. Nilitamani kumsaidia, lakini nilikuwa nimejifunza.

"Basi kwangu mimi," alisema Mkuu polepole, na alikuwa na miaka hamsini na saba, "huyo mtoto ni babu."

"Inawezekana, Mkuu."

"Na Deusi alimsalimia vizuri?"

"Kwa magoti mawili, Mkuu."

"Vizuri." Akavaa miwani. "Ningemwona mtu anamzuia babu yangu mbele ya bodaboda wa Kashai, ningemfukuza chuo."

Akachukua kalamu nyekundu, akaandika pembeni mwa taarifa: "Mwl. Neema aendelee na timu. Kijana hana kosa. Katibu asisalimishe tena wachezaji kabla ya mchezo."

Nilimpelekea Mwalimu Neema taarifa hiyo uwanjani ili aisome kwa macho yake. Aliisoma, akapuliza filimbi ndefu isiyo na sababu, vijana wakaja mbio. Kisha nikairudisha masjala kuifungia, na hapo, kwa kusoma mara ya pili, niliona kosa la lugha. Kuwafanya watu wasalimiane ni kuwasalimianisha. Kusalimisha ni jambo jingine kabisa: ni kumkabidhi mtu wako kwa adui bila mapambano. Nikashika kalamu nisahihishe, kwa kuwa tangu nianze kazi sikuwahi kuingiza jaladani kwa kujua waraka wenye kosa. Nikayafikiria matokeo ya mchezo. Nikafunika kalamu, nikatoboa karatasi matundu mawili, nikaifunga katika jalada langu binafsi kama ilivyo.